Mstari wa friza haupepesi, au unapepesa vibaya

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, shangazi yangu ana chumba kidogo chenye mafriza manne ya migebuka. Kwenye meza ya mlangoni kuna laptop, na ndani yake programu niliyomwandikia kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha: mistari minne, kila friza na jina lake, na namba ya baridi iliyomo. Friza likianza kupoteza baridi, mstari wake unawaka mwekundu na kuzima, unawaka na kuzima, hadi mtu ainuke akaangalie.

Huko kuwaka na kuzima vijana wengi wanakuita kublinki. Mimi hapa nitasema kupepesa, kama jicho. Ukiiangalia kazi yenyewe unadhani ni ya dakika tano. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuinyoosha, na samaki wa watu walikuwa wanasubiri. Tangu hapo nimeketi na wenzangu wa Mwanga na Ujiji wakiwa na programu zao za maduka na maghala, na nimekuta matatizo ni yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu ukiwa na lebo iliyokwama mbele yako (lebo ni kisanduku cha maandishi kwenye dirisha, kama ile mistari ya shangazi) hujui chanzo. Unajua tu unachokiona.

Kwanza shika jambo hili. Programu yenye dirisha ina mhudumu mmoja. Ndiye anayechora lebo, anayesikia kitufe kimebonyezwa, anayesogeza dirisha ukilivuta kwa kipanya. Anachukua kazi iliyo mbele yake, anaimaliza, anachukua inayofuata. Kwenye Tkinter mzunguko wake unaitwa `mainloop`, na maktaba nyingine za madirisha, yaani Qt, Swing na Windows Forms, wanao wa kwao unaofanana. Kupepesa si kumwambia mhudumu akae hapo nusu sekunde akisubiri. Ni kumwachia ujumbe: baada ya nusu sekunde rudi ugeuze rangi. Kisha unamwacha aende kwa wengine. Kila nikiitwa kuangalia lebo inayosumbua nauliza maswali mawili tu: nani amemshika mhudumu sasa hivi, na ameachiwa jumbe ngapi?

Dirisha linaganda mara tu kupepesa kunapoanza

Kitufe hakibonyezeki, dirisha halisogei, na Windows inaandika juu yake kwamba programu haijibu. Hapa mhudumu ameshikwa. Tafuta `time.sleep` (agizo la kulala) ndani ya `while True` (kitanzi kisichoisha); karibu kila mara utaikuta. Umemwambia alale, naye amelala kweli, na rangi uliyoiagiza haijachorwa kwa sababu mchoraji ni yeye huyo huyo.

Wapo wanaotia `update()` ndani ya kitanzi ili dirisha lipumue. Litapumua, lakini mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuanza mara ya pili, kitanzi kingine kinaanza ndani ya kile cha kwanza, na akifunga dirisha unamwagiwa makosa. Usikitibu kitanzi hicho. Kifute, uweke `after`, agizo la Tkinter la kumwachia mhudumu ujumbe.

Kosa linatokea kabla hata dirisha halijafunguka

Angalia mabano. Ukiandika `lebo.after(500, pepesa())` hujamwachia mhudumu ujumbe. Umeiendesha `pepesa` hapo hapo, nayo ikajiita yenyewe, ikajiita tena, mpaka Python ikagoma kwa `RecursionError`. Kikomo chake cha kawaida ni ngazi 1000, na zinaisha kufumba na kufumbua. Sahihi ni `lebo.after(500, pepesa)`, jina peke yake.

Kosa hili lina pacha wake ambaye ni mgumu kumtambua. Chukua kitufe kinachoita `lebo.after(500, zima())`, na `zima` haijiiti tena. Hapo hakuna kosa lolote litakaloandikwa. `zima` inaendeshwa papo hapo, hairudishi kitu, na `after` inabaki na muda bila kazi ya kufanya. Tkinter ikipewa muda bila kazi, inalala muda huo wote. Utaona lebo inazima kabla ya wakati na dirisha linaganda nusu sekunde kila ukibonyeza. Nimeona kijana akibadilisha kipanya akidhani kimechoka, kumbe ni mabano mawili.

Inapepesa mara moja, kisha inanyamaza

`after` ni ahadi ya mara moja. Kazi inayogeuza rangi lazima imalizie kwa kuacha ujumbe mpya. Kama mstari huo upo na bado imenyamaza, basi kuna kosa lililotokea juu yake, mlolongo ukakatika kabla ya kuufikia. Ukiwa umehifadhi faili kwa mkia wa `.pyw`, hakuna dirisha jeusi la kukuonyesha kosa hilo. Endesha kwa `.py` uone linachosema.

Anayetumia PyQt, yaani Qt kwa Python, aangalie kitu kingine. `QTimer`, taima ya Qt, hujirudia yenyewe, lakini ukiiunda ndani ya kazi na kuipa jina la humo humo tu, kazi ikiisha Python inaifagia pamoja na takataka nyingine. Andika `self.taima = QTimer(self)` na itabaki.

Inapepesa kwa kasi isiyoeleweka, na kila ikikaa inazidi

Hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Nilipita mwaloni asubuhi moja.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Njoo uone kitu chako, tangu alfajiri kinatetemeka kama mtu mwenye homa.”

Mstari wa friza la tatu ulikuwa unarukaruka, mara haraka, mara unakaa kimya, mara unatoa mmweko mmoja mfupi. Nikawasha programu upya, ukatulia. Baada ya robo saa ukaanza tena.

Chanzo kilikuwa hiki. Programu ilisoma vipimo kila sekunde 10. Kila ilipokuta friza lina joto, iliita kazi ya kuanza kupepesa, bila kuuliza kama tayari linapepesa. Dakika moja ikipita mhudumu ana jumbe 6 za lebo moja, na kila ujumbe unajizaa upya kila nusu sekunde. Mbili tu zinatosha kuharibu. Ya kwanza inawasha, ya pili inafuata baada ya milisekunde 100 na kuzima. Kwa hiyo unaona mmweko mfupi, kisha giza la milisekunde 400. Zikiangukia wakati mmoja, moja inawasha na nyingine inazima hapo hapo, na jicho halioni chochote. Wenye tatizo hili huja wakilalamika kwamba lebo haipepesi kabisa, wakati inapepesa mara mbili.

Dawa ni tiketi. Kila ukiita `after`, inakurudishia kitambulisho cha ujumbe ulioacha. Kihifadhi. Mwenye tiketi mkononi hakati nyingine, na siku ya kuacha unairudisha kwa `after_cancel`. Hiki ndicho ninachotumia mpaka leo:

```
class Mpepesaji:
    def __init__(self, lebo, nusu=500):
        self.lebo = lebo
        self.nusu = nusu
        self.tiketi = None
        self.inawaka = False

    def anza(self):
        if self.tiketi is None:
            self._geuza()

    def _geuza(self):
        self.inawaka = not self.inawaka
        self._paka(self.inawaka)
        self.tiketi = self.lebo.after(self.nusu, self._geuza)

    def acha(self, ibaki_nyekundu=False):
        if self.tiketi is not None:
            self.lebo.after_cancel(self.tiketi)
            self.tiketi = None
        self.inawaka = False
        self._paka(ibaki_nyekundu)

    def _paka(self, nyekundu):
        if nyekundu:
            self.lebo.config(bg="#b00020", fg="white")
        else:
            self.lebo.config(bg="white", fg="black")
```

Iite `anza` mara mia, itaanza mara moja. Na angalia `acha`: haitoshi kukata ujumbe, lazima pia useme lebo ibaki na rangi gani. Bila mstari ule wa mwisho, friza lililopona litabaki jekundu au jeupe kwa bahati tu, kutegemea ulikata wakati gani.

Mistari ya jirani inarukaruka

Unapepesa kwa kuficha lebo, yaani `pack_forget` au `grid_forget`. Lebo ikiondoka, nafasi yake inajifunga na zilizo chini zinapanda juu. `grid_remove` ina nafuu kwamba inakumbuka lebo ilikuwa wapi, lakini nafasi bado inajifunga. Badilisha rangi, acha kuficha. Kwenye Qt, kama ni lazima ufiche, tumia `setRetainSizeWhenHidden` ya `QSizePolicy`, iliyopo tangu Qt 5.2.

Rangi inakataa kubadilika

Ukiona `unknown option "-bg"`, lebo yako ni ya `ttk`, ile seti ya pili ya lebo na vitufe ndani ya Tkinter, hata kama hukukusudia. Anayeandika `from tkinter import *` na chini yake `from tkinter.ttk import *` amebadilishiwa `Label` na `Button` zote bila kuambiwa. Lebo ya `ttk` inakubali `background` kwa jina lake kamili. Kitufe cha `ttk` hakikubali kabisa. Rangi yake inapita kwenye `Style`, na mandhari ya kawaida ya Windows huipuuza hata hiyo. Kitufe cha kawaida cha Tkinter kwenye Mac nacho kina ukaidi huo huo. Ushauri wangu ni kutopepesa vitufe. Weka `tk.Label` pembeni yake, hiyo ndiyo ipepese.

Inapepesa vizuri, kisha inakwama kidogo, kisha inaendelea

Ukihesabu utakuta inakwama kila programu inaposoma kitu kutoka nje: kipimo, faili kwenye diski ya mtandao, hifadhidata. Mhudumu anashikwa tena, safari hii kwa muda mfupi.

Vipimo vyangu vya joto ni DS18B20, vile vya waya vinavyouzwa pamoja na Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki kinachovisoma na kuipa laptop majibu. Kikiwa kwenye usahihi wake wa juu, wa biti 12, DS18B20 kinahitaji hadi milisekunde 750 kupata jibu moja. Arduino inasubiri jibu hilo, na programu ya laptop ikiwa imeita `readline()` kwenye mzunguko mkuu, nayo inasubiri. Robo tatu ya sekunde ni zaidi ya nusu ya pepeso, kwa hiyo lazima ionekane.

Kuna mambo mawili ya kufanya, na nilifanya yote. La kwanza ni kukiteremsha kipimo hadi biti 9. Hapo jibu linapatikana kwa chini ya milisekunde 100, na hatua zake zinakuwa za nusu digrii badala ya 0.0625. Friza la samaki halihitaji zaidi ya nusu digrii. La pili, ambalo ndilo hasa, ni kumpa kazi ya kusoma mtu mwingine: thredi ya pembeni, yaani mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu ile ile, inayosoma na kutia jibu kwenye foleni ya `queue.Queue`. Mhudumu mkuu anapita kila milisekunde 200 kwa `after`, anachukua yaliyomo kwa `get_nowait`, anaendelea na safari.

Ila thredi hiyo isiguse lebo, hata mara moja. Inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako wiki nzima, halafu ikaanguka kwenye ya mteja bila maelezo. Kwenye lugha nyingine mtego huu umejificha ndani ya majina: Java ina `java.util.Timer` na `javax.swing.Timer`, na ni ya pili tu inayomrudia mhudumu wa dirisha. Windows Forms ina taima yake, na .NET ina `System.Timers.Timer` ambayo kwa kawaida huita kutoka thredi nyingine. Ukichukua isiyo yako, pepeso litakuja na makosa ambayo hayarudi kwa mpangilio.

Inaanza na kuacha yenyewe, au inapiga kelele bila sababu

Hapa dirisha halina kosa. Kosa liko kwenye uamuzi wa nini kiitwe hatari.

Friza linapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilipoweka mpaka mmoja wa -12, friza lililokuwa linapanda na kushuka karibu na hapo liliwasha na kuzima tahadhari kila dakika. Sasa nina mipaka miwili: tahadhari inaanza joto likifika -12, na haiachi mpaka lishuke tena hadi -15. Pia nasubiri joto lisomwe hivyo mara tatu mfululizo, maana mlango ukifunguliwa mteja achague samaki, hewa ya nje inaingia na kutoka, na hilo si tatizo la kumtoa mtu kwenye kiti.

Kisha kuna namba mbili za kuzikariri. DS18B20 kikiwa kimewashwa tu na hakijapima bado, kinajibu 85. Ukiona friza la Kibirizi lina nyuzi 85, waya wa umeme wa kipimo umelegea na kinajiwasha upya. Ya pili ni -127, ambayo maktaba ya Arduino inarudisha pale kipimo kisipopatikana kabisa. Hii inaniogopesha kuliko ile ya kwanza, kwa sababu programu ikiiona inasema baridi imejaa tele, na inakaa kimya. Panya akikata waya, samaki wanaharibika na mstari ni mweupe. Kwa hiyo mstari wangu una hali ya tatu, yenye maandishi KIPIMO HAKISOMEKI, nayo inapepesa kama ile ya joto.

Mistari miwili inapepesa kwa kupishana

Kila lebo ina saa yake iliyoanza wakati wake. Weka `after` moja inayogeuza hali moja, na kila lebo yenye tahadhari iisome hiyo.

Inapepesa sawasawa, lakini watu hawaiangalii, au inawaumiza

Usiku usio na mbalamwezi ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa. Zote zinapanda na kushuka na mawimbi, na ukisimama ufukweni huwezi kusema ni ipi imekuita. Dirisha lenye vitu vitano vinavyopepesa liko hivyo. Pepesa kile tu kinachohitaji mtu ainuke.

Kasi nayo ina mpaka, na hapa naomba sana usifanye majaribio. Mwongozo wa WCAG wa mwaka 2008, uliotungwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, unakataza mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde moja, kwa sababu mwanga unaobadilika haraka unaweza kumwangusha mtu mwenye aina fulani ya kifafa. Desemba 1997 huko Japani, katuni ya televisheni ilionyesha mwekundu na buluu vikibadilishana kama mara 12 kwa sekunde, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali. Milisekunde 500 kuwaka na 500 kuzima ni mara moja kwa sekunde, na inatosha. Kishale cha kuandikia kwenye Windows chenyewe hugeuka kila milisekunde 530, na hakuna aliyewahi kukilalamikia kwamba kimechelewa.

Mwongozo huo unasema pia kwamba kinachopepesa zaidi ya sekunde tano lazima mtu awe na njia ya kukisimamisha. Ndiyo maana ya `ibaki_nyekundu` kwenye msimbo. Pembeni ya kila mstari kuna kitufe NIMEONA. Shangazi akikibonyeza, mstari unaacha kupepesa lakini unabaki mwekundu uliotulia hadi baridi irudi. Kupepesa maana yake bado hakuna aliyeona. Wekundu uliotulia maana yake ameona na tatizo lipo. Watu wa mitambo mikubwa wanafanya vivyo hivyo kwenye paneli zao. Ukikiweka kitufe hicho, kumbuka kushika hali ya “ameona” kando, la sivyo kipimo kinachofuata kitaita `anza` na mstari utaanza upya sekunde 10 baadaye.

Na usitegemee rangi peke yake. Kijana anayemsaidia shangazi hatofautishi nyekundu na kijani. Maandishi yanabadilika pia, kutoka SAWA kuwa JOTO.

Ukifunga dirisha linaandika `invalid command name`

Ujumbe uliobaki umefika na kukuta lebo imeshaondoka. Shika `WM_DELETE_WINDOW` (taarifa kwamba dirisha linafungwa) kwa `protocol`, ita `acha` kwa kila mpepesaji, ndipo `destroy`.

Umeme umekatika na hakuna aliyeona kitu

Huu ndio wakati friza linahitaji kuangaliwa kuliko wakati wowote. Laptop ina betri, na Arduino inakula umeme wa laptop kupitia waya wa USB, kwa hiyo vipimo vinaendelea na mstari unapepesa kama kawaida. Lakini Windows ikiwa kwenye betri inazima kioo baada ya dakika chache ili kubana matumizi, na baadaye inailaza mashine nzima. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, uweke kioo kisizimike na mashine isilale hata ikiwa kwenye betri. Dirisha likiwa limeshushwa chini, lirudishe kwa `deiconify` na uliweke mbele kwa `attributes("-topmost", True)`. Ongeza na sauti, `winsound.Beep(880, 400)` inasikika hadi nje, ila iite kutoka thredi ya pembeni, maana nayo inamshika mhudumu mpaka mlio uishe.

Kila Jumatatu kabla mitumbwi haijaingia, shangazi anachomoa kipimo cha friza moja na kukiacha mezani. Mstari ukianza kupepesa anabonyeza NIMEONA, anaangalia wekundu umetulia, anakirudisha ndani, na anasubiri uwe mweupe. Kisha anachomoa waya wa Arduino wenyewe. Wiki mbili zilizopita mstari wa friza la kwanza haukusema chochote, akanipigia simu kabla hajafungua duka.